Bega la Pili

Risasi ilitoka, na kwa mara ya kwanza bunduki mpya haikumpiga teke. Mwindaji akafumbua macho, akapapasa bega la kulia, lililovilia damu hadi likawa na rangi ya bilinganya. Leo halikuongezewa kitu.

"Umeona?" akamwambia shemeji yake aliyesimama nyuma. "Imetulia kama mwanakondoo."

Bunduki yake ya zamani alimuuzia shemeji huyohuyo, akilalamika kwamba ni nzito, inamvunja mgongo. Akanunua hii, nyepesi kama fimbo, kumbe kila ikifyatuliwa ni teke la punda. Fundi akaivika kitako mpira mnene. Haukutosha. Akatoboa kitako, akashindilia chuma ndani ili uzito umeze lile teke, na kila mara mwindaji aliporudi karakanani alikuwa na neno moja tu: "Ongeza, fundi."

Shemeji akainyanyua ajaribu naye. Akasita. Akashika ya kwake mkono mmoja na hiyo mkono wa pili, akazipima kama mtu anayechagua matikiti sokoni.

"Shemeji," akasema taratibu, "kumbe ile nyepesi uliniuzia mimi."

Mwindaji akaichukua bunduki yake, akaitundika kwenye bega la kushoto, lile zima, akatangulia kupanda mlima.

Nyumbani, mkewe alikuwa ameshafungua chupa ya dawa ya kuchua.

"Vua shati, baba watoto. Lete bega."

Mwindaji akamgeuzia la kushoto.