Ubishi wa Kobe na Kaa Dimbwini

Paliondokea Kobe mmoja mpenda ubishi. Siku moja aliwaona viluwiluwi wakicheza dimbwini karibu na mto.

"Uhai huu una Muumba mwenye akili," akasema.

"Wapi! Tope na jua vinatosha," akajibu Kaa aliyekuwa kando ya dimbwi.

Wakabishana mpaka jua likanywa nusu ya dimbwi. Mara Chura akaja mbio, anahema.

"Wanangu hao! Maji yanakwisha, nanyi mnapiga domo tu?"

Kobe akaona haya. Akafukua tope kwa kucha, Kaa akikata nyasi kwa magando, hadi mfereji ukafika mtoni. Viluwiluwi wakateleza, hao!

Kobe akacheka kwa furaha. "Haya, dada Chura, wewe ulitoka wapi?"

"Kwa mama. Chura wa kwanza kabisa alitoka wapi, sijui. Ingieni majini, ndugu zangu, tubishane huku tukiwalinda watoto."