Ikifika Utaisikia

“Ikifika utaisikia mwenyewe, mama,” karani alisema, akafunga dirisha.

Habibo akabaki ameduwaa juani. Tangu lini karatasi ikasikika? Akajitanda shuka lake, akaondoka akimlaani karani kimoyomoyo, yeye na ukoo wake wote huko Kitui.

Mwaka ule wa 1966 hakuna Msomali aliyevuka daraja la Tana bila pasi ya serikali. Vita vya shifta, waasi wa Kisomali, vilikuwa vimepamba moto, na Garissa nzima ilipitia dirisha lile moja: posho, vibali, abiria wa msafara, mashtaka ya mbuzi waliopotea. Habibo hakutaka posho wala hakuwa na mashtaka. Alitaka kwenda Nakuru kwa binti yake Rukiyo, mwenye mimba ya kwanza, nayo ilikuwa imeingia mwezi wake.

Kwao, uzazi wa kwanza humkuta mama mtu akiwa kando ya mwanawe. Lakini dada yake Rukiyo, marehemu Shurie, alishikwa na uchungu wakati Habibo yuko visimani Diff na ngamia, na aliporudi alionyeshwa kaburi. Hilo aliapa halitampata mara mbili. Rukiyo naye alikuwa ametuma salamu kwa wachuuzi wa ngozi: “Mwambieni mama asikose. Naogopa.”

Safari alikwisha kuipanga yote. Samli ilikuwa koponi, nyama ya kukaanga imefungwa vizuri, na sweta kuukuu limepatikana, maana Nakuru, walisema, mji umekaa kati ya mlima na ziwa na baridi yake haina adabu. Mlima una shimo kubwa juu, ziwa lina ndege wa rangi ya waridi wasiohesabika, lakini maji yake ni ya chumvi, ng'ombe hanywi. “Ziwa gani hilo la kutazamwa tu?” Habibo aliwauliza wachuuzi, ila moyoni alitamani kuliona. Arobaini ya mtoto ikiisha, Rukiyo angempeleka.

Kilichobaki ni pasi, na pasi ndiyo iliyomtoa jasho.

Ahmednoor, mtoto wa kaka yake, alikuwa mkalimani wa mahakama. “Eddo, twende wote dirishani nikusemee,” alimwambia.

“Kwani shangazi yako ni bubu?” Habibo alimjibu. “Askari wamekunywa maziwa yangu tangu enzi za Mzungu, na sikuwauzia kwa Kisomali.”

Ni kweli. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini alikitembeza kokote bila aibu. Siku ya kwanza alifika mwenyewe dirishani, kichwa juu.

“Bole na kazi, karani,” alisema. “Nataka basi ya kwenda Nakuru. Mtoto yangu iko karibu kuzaa.”

Karani alikuwa kijana mwenye uso mpole. “Uko peke yako, mama?”

“Beke yangu.”

“Usijali, hukosi. Mzigo je?”

“Samli, na nyama kidogo.”

“Si mbaya. Uwe unakuja kuuliza.”

Swali la mzigo halikumpendeza. Alijua lilikotoka: machoni pa serikali, Msomali mwenye chakula anawapelekea shifta.

Akawa anakwenda kuuliza. “Bado, imezuiwa.” Akaenda tena. “Wakubwa hawajairuhusu ivuke.” Akaenda tena. “Juzi ilikaribia, ikarudishwa.” Irudishwe kwa kosa gani? Jina lake lilikuwa na nini? Jirani yake Yarow alikwenda dirishani na Ahmednoor, akapata pasi kabla ya Ijumaa, akavuka na ng'ombe wake kuwapeleka mnadani. Ng'ombe wamevuka, yeye bado. Siku hiyo Habibo alilia, na yalikuwa machozi ya hasira.

Ndipo mchuuzi mmoja alipoleta habari kwamba miguu ya Rukiyo imevimba, na kutwa anashinda mlangoni akitazama barabara. Habibo akaenda dirishani moja kwa moja, akaipita foleni.

“Wewe nachukia Wasomali,” alimwambia karani mbele ya watu wote. “Mimi nafumilia, nafumilia, mbaka lini? Mtoto yangu nakufa.”

Karani akainamisha kichwa. “Si mimi, mama. Ingekuwa mkononi mwangu ungekuwa umeshafika. Wiki hii, Inshallah.”

Mkamba huyu, tena Mkristo, kusema Inshallah! Habibo aliona ni kejeli tupu.

Kesho yake alifika na mzigo wake kabisa, akaketi chini ya dirisha. Aliapa kwamba haondoki pale bila pasi. Jua lilipoanza kuwaka, honi ikalia langoni, ndefu, na watu wakakimbilia huko wakipiga kelele. Habibo hakugeuza hata shingo. Ana haja gani na honi?

Mlango wa ofisi ukafunguka, karani akatoka mbio. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona miguu. Alikuwa anacheka, jasho linamtiririka, na kabla Habibo hajauliza, kopo la samli lilikuwa begani mwake.

“Si nilikwambia utaisikia, mama? Basi yako hiyo, ya kwanza tangu ile iliyopigwa risasi. Nimekushikia kiti cha mbele. Inaondoka sasa hivi na msafara wa jeshi, na nyingine ni mwezi ujao, wakubwa wakikubali.”

Akamnyooshea mkono.

“Haya, lete pasi yako nimwonyeshe askari.”