Kidoti Mchangani

Siku hizi kila mwanamume aliyeoa ana meza ya mchanga sebuleni, na kila asubuhi kigololi cha chuma huchora juu yake uso aliouota. Bi Sikudhani ndiye aliyeitunza meza ya mumewe, Mwinyimvua. Wiki nzima alikuwa akichekecha mchanga na kumfuta mwanamke yuleyule mwenye kidoti shavuni, roho ikimuuma. Mwishowe wivu ukamkaba. Akaifungua meza, akaifundisha uso mmoja tu: wake.

Asubuhi Mwinyimvua akapiga magoti mezani. “Mke wangu, leo wewe!”

“Kumbe huwa unaniota?” Sikudhani akadeka.

Mwinyimvua akatabasamu, akautazama sana ule uso, kisha, kama anayesahihisha kosa dogo, akanyoosha kidole akauwekea kidoti shavuni.