Mikono ya Kombo

Siku hizi hakuna amkandaye mwenziwe kwa mikono mitupu. Kila nyumba ina glavu zilizohifadhi mguso wa wakandaji stadi. Alasiri moja Mwanaheri, aliyeteswa na mgongo tangu ajifungue, alimwomba mumewe, "Leo zivue, Kombo. Nikande wewe."

Kombo akazivua, akajipaka mafuta ya nazi viganjani, akamkanda taratibu kando ya uti wa mgongo. Misuli ya Mwanaheri ikakakamaa, ngozi ikamsisimka kama iliyoguswa na mgeni.

"Nakuumiza?"

"Sijui. Hebu zivae tena."

Akazivaa. Maumivu yakayeyuka, hata machozi ya raha yakamtoka Mwanaheri.

"Ahsante, mume wangu," alinong'ona, kisha akashtuka. Hakujua amemshukuru nani, wala kwa nini alitamani Kombo asiitikie.