Shati la Shemeji

Tuko katikati ya kijito, kila mtu na kayaki yake, maji yanaturusha kama maharage yanayochemka, na shati halionekani.

Asubuhi tulikagua ukingo kwa miguu. Tulipata mahali pamoja tu pa kutokea kabla ya maporomoko, Shemeji akavua shati lake jekundu akalifunga kwenye tawi. "Tukiliona hili, tunakata kulia. Huwezi kulikosa, labda uwe umelala!"

Sasa natoa macho kulia mpaka yanauma. Ni majani na mawe tu.

"Shemeji, ulilifunga kweli?"

"Piga kasia, acha maneno!"

Ukingoni anainuka mama mmoja aliyekuwa akifua, povu la sabuni likimdondoka viwikoni.

"Wanangu! Lile shati ni lenu? Lilikuwa linanuka jasho, nimewafulia!"

"Shikamoo, mama! Liko wapi?"

"Marahaba! Nimelianika kule chini, kwenye jua!"

Tumeshampita. Mbele yetu kijito kinakatika ghafla, na chini kabisa, juu ya jiwe, shati limetandazwa, mikono wazi, kama linatukaribisha.

"Limetakata," anasema Shemeji, akikaza mkanda wa kofia.