Msimu Mzuri wa Kwenda Unguja

Lilianza kusikika debe. Ngwa! Ngwa! Ngwa! Mtu alikuwa analipiga kwa fimbo, akipanda mlima katikati ya mvua ya Aprili. Ndipo Mwinjuma akaibuka kwenye matuta ya kabichi, kalowa chapachapa, macho mekundu.

"Yuko wapi huyo mwongo?"

Watu waliokuwa uani wakampisha. Mwinjuma ni mtani wa ukoo wa Frank. Ukimzuia, unajitafutia matusi. Aliingia sebuleni na matope yake miguuni.

Yuliana, mke wa Frank, alikuwa amekaa chini, mkekani. Mwinjuma hakumsalimu. Alimwendea Frank moja kwa moja.

"Suti! Na tai! Kumbe kuvaa unajua? Miaka kumi na miwili unamwimbia mkeo Unguja, Unguja. Masika, ukasema bahari inachafuka. Juni, njegere zinataka kumwagiliwa. Vuli, mvua haitabiriki. Januari, eti jua litamchoma! Hivi wewe ulioa mke au ulioa utabiri wa hali ya hewa?"

Mtu akacheka uani.

"Msicheke!" Mwinjuma akageukia mlango. "Huyu mama alishuka na kabichi zake mpaka mnadani Nyandira, akarudi na kandambili za kutembelea ufukweni. Ziko wapi? Kabatini! Hata karatasi yake hajaibandua!"

"Mwache, shemeji," Yuliana alisema. "Amechoka."

"Amechoka na nini? Kuchagua msimu?"

Frank hakujibu. Ndivyo alivyokuwa siku zote: ukimkasirikia, ananyamaza, mpaka wewe ndiye unajiona mjinga.

Mwinjuma akamwinamia, maji ya mvua yakimchuruzika kidevuni.

"Na leo unaondoka. Peke yako! Masika yamekolea, njia yote tope, vijito vimejaa, ndiyo umeona msimu mzuri wa safari? Nani kakushauri? Na mkeo je, unamwacha hapa mkekani?"

Fimbo ikamponyoka.

"Mwambie basi," alisema taratibu. "Mwambie mwenyewe kwamba huendi naye. Mimi siwezi kukusemea."

Katekista Yohana akamshika bega. "Umesema vya kutosha, mtani. Padri anasubiri."

Mwinjuma akautupa ule mkono. Akachukua mwenyewe kifuniko cha jeneza, akamfunika rafiki yake, kisha akapiga magoti mbele ya Yuliana.

"Shemeji, arobaini ikipita tu, mimi na mke wangu tunakupeleka Unguja. Inyeshe, isinyeshe."