Shati la Mtu Mwingine

Shati lilikuwa la mwanamume, na halikuwa lake. Seremala alilichomoa kwenye mkoba wa mkewe, akalipima kifuani. Mabega yalimkaa sawasawa. Kumbe jamaa mwenyewe ana umbo kama lake, na hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Chini ya shati palikuwa na wembe mpya, brashi ya kunyolea na kichupa cha mafuta ya kujipaka mwanamume akishanyoa. Alirudisha kila kitu kilivyokuwa, akaenda kunywa chai.

Mkewe alikuwa mhasibu, na mji ule mdogo ulikuwa umemfanya mali yake. Mchana aliwafungia hesabu wenye maduka. Jioni akawa mweka hazina wa timu ya mpira, wa maktaba, wa kikundi cha kusaidiana, na kila kilichokosa mtu wa kukibeba kikaletwa mlangoni kwake. Seremala aliyavumilia hayo yote. Timu nzima ya mpira utaioneaje wivu watu wakuelewe?

Jumamosi lakini ilikuwa habari nyingine. Jumamosi mke alitoka na mkoba wake baada ya chakula cha mchana, akarudi jioni ananukia yale mafuta, uso umekunjuka kama wa msichana. Akiulizwa alikuwa wapi, alijibu kwamba alikuwa kwenye kazi za kujitolea. Akibanwa, alitoa jibu lile lile analowapa wateja wake.

"Mambo ya watu siyatoi nje, mume wangu. Hata kwako."

Kwa wateja, maneno hayo yalimjengea jina. Kwa mumewe yalikuwa msumari ndani ya kiatu.

Basi akaanza kuwapima wanaume wa mji mmoja mmoja. Mwalimu mkuu ana kitambi, shati lile lisingefunga vifungo. Mfamasia alimshuku kwa kuwa ananyoa vizuri mno kwa mtu asiye na mke. Alimnunia wiki nzima bila salamu, maskini wa watu, mpaka alipompitia Jumamosi alasiri akamkuta dukani, anabishana na kikongwe juu ya dawa ya kikohozi. Akarudi karakana bila mtu wa kumchukia. Aliranda mbao hadi zikawa nyembamba kupita kipimo, akaharibu kabati la watu, akausingizia msumeno.

Mtu mwenye mzigo wa namna hii huenda kuutua kwa baba yake. Seremala hakuwa na pa kuutua. Tangu siku za uchumba alimwambia mkewe kwamba baba alishafariki, na mkewe, kwa moyo wake ule wa kulia na kila mtu, akamlilia mkwe ambaye hakuwahi kumtia machoni. Kwa hiyo akautafuna wivu wake peke yake, kazini, mezani na kitandani. Aliogopa jambo moja tu, kwamba siku moja mkoba ule utatoka usirudi.

Jumamosi iliyofuata alifunga karakana, akamfuata kwa mbali. Mke alipita soko, akapita zahanati, akakata kona hadi kwenye nyumba ndefu yenye vyumba vingi na mapazia mazito. Kama pale mlangoni kulikuwa na kibao, seremala hakukiona. Gesti, alijiambia, tena mchana kweupe.

Alizunguka nyuma, akachungulia dirisha la mwisho. Mwanamume alikuwa amekaa kitini, amelipa dirisha kisogo, amevaa lile shati. Mke alimshika kidevu kwa vidole viwili, akipitisha wembe taratibu, ameng'ata ulimi kama afanyavyo akijumlisha tarakimu. Seremala hakuwahi kushikwa kidevu namna ile. Roho ilimuuma hadi macho yakalowa.

"Tulia," mke alisema. "Ukicheka nitakukata."

Jamaa akacheka. Seremala hakungoja zaidi. Alizunguka mbio, akausukuma mlango kwa bega, ngumi imekunjwa tayari.

Mwanamume akageuka. Alikuwa mzee, mzee wa kutetemeka mikono, nusu ya uso imejaa povu. Ile nusu nyingine seremala aliijua tangu utotoni. Mara ya mwisho aliiona kizimbani, katika kesi ya wizi, naye seremala akatoka nje kabla hukumu haijasomwa. Ngumi ikafunguka yenyewe.

Mke aliitazama ile ngumi, akaelewa, akatikisa kichwa. Alimweleza, bila ukali, kwamba pale ni makao ya wazee, na kila anayejitolea hupewa mzee mmoja asiye na ndugu. Huyu ndiye wake, aliyeletwa mwaka huu kutoka mbali.

"Baba, msamehe," alisema. "Ni mume wangu. Na wewe, msalimie mzee."

Seremala aliinamisha macho. Mzee alimtazama kwa muda mrefu, povu likimkaukia shavuni, kisha akamgeukia mhasibu na kumwinulia kidevu aendelee kunyoa.

"Wala hajanikosea, binti yangu," alisema. "Nimeshtuka tu. Anafanana mno na mwanangu aliyekufa."